Miezi saba bila kusoma mstari wa kwanza: mimi, Injinia na scanner ya lugha ya SATO

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko nyumbani kama kawaida yangu, mtu ambaye hata nyanya naagiza kwa jirani.

Naomba dakika zenu chache. Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi, iliyokuwemo ilitosha kuharibu mboga.

Naanza na ujinga wangu, ili wale wenye vidole vyepesi mnicheke mapema tuendelee.

Kwa miezi saba nilirekebisha kwa mkono faili moja la programu bila kusoma mstari wake wa kwanza. Mstari mmoja tu, wenye maneno sita. Mtoto wa darasa la tatu angeumaliza kabla hajapiga chafya.

Haya, mmeshacheka. Sasa nisikilizeni, maana hasira bado ninayo, na ni ya miaka zaidi ya ishirini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mwanza. Wakati ule wa soko huria, viwanda vya Nyakato vinauzwa, watu wanapunguzwa kazi kwa mafungu. Mtu ameendesha mashine miaka kumi na tano, asubuhi anakuta jina lake ubaoni, anarudi nyumbani na ovaroli mkononi.

Ndani ya godauni moja lililoachwa wazi, mama mmoja alifungua kituo cha kufundisha kompyuta. Tulimwita Mama Mkurugenzi. Mashine nane za mtumba, feni moja, na wanafunzi ambao wengi walikuwa hao hao waliopunguzwa.

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kazi ya kufuta vumbi kwenye mashine. Cheo changu kiliandikwa "msaidizi wa maabara". Msaidizi wa kitambaa ingekuwa sahihi zaidi.

Mama Mkurugenzi alikuwa na wazo zuri, hilo simnyimi. Wanafunzi wake wengi Kiingereza hakikuwa chao, na lugha zote za programu ni za Kiingereza. Akataka lugha ndogo ya kufundishia, yenye maneno ya Kiswahili. KAMA, RUDIA, MPAKA, ANDIKA. Jina lake SATO, kama samaki wetu.

Akamleta Injinia kutoka Dar.

Injinia alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Fomu Foo.

"Fomu Foo, washa feni."

"Fomu Foo, hiyo mashine usiiguse, inafikiri."

Akakaa wiki chache, akaandika compiler ya SATO. Ilifanya kazi vizuri, tatizo moja tu: maneno yake yalikuwa bado ya Kiingereza. IF, WHILE, PRINT. Mama Mkurugenzi alipouliza, Injinia akasema hiyo ni kazi ndogo, Fomu Foo ataimalizia. Yeye ana safari.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo kisha tusonge. Compiler ndiyo inayogeuza programu uliyoandika iwe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Lakini mashine haioni maneno, inaona herufi zimepangana tu. Kwa hiyo mlangoni inakaa sehemu inayoitwa scanner. Siyo ile ya kunakili picha. Hii kazi yake ni kuchambua, kama akina mama wanavyochambua samaki pale mwaloni ufukweni: huyu sangara, huyu sato, hili ni jani la ziwani, tupa. Scanner inapokea herufi na kusema: hili ni neno la lugha, hii ni namba, hili ni jina, hii ni nafasi tupu.

Kwa hiyo kubadilisha IF iwe KAMA, unagusa scanner.

Mama Mkurugenzi akaniambia mbele ya Injinia, "SATO ikikubali Kiswahili chote, darasa la jioni utalifundisha wewe. Kwa mkataba. Mwalimu, siyo msaidizi."

Wakuu, mimi ni mtu wa nyumbani, sina tamaa nyingi. Lakini neno "mwalimu" lilinikaa kichwani kama wimbo wa kwaya.

Injinia akanipa disketi moja. Ndani yake faili la scanner, jina lake LEXYY.C. Zile YY mbili nilidhani ni herufi za jina la binti yake. Nikaona kweli, huyu baba anapenda familia.

Nikamuuliza, "Injinia, hili umeliandikaje?"

"Kwa mkono, Fomu Foo. Kwa mkono na kichwa."

Mkumbuke jibu hilo.

Nikalichapa lote kwa ile printa ya kukwaruza, karatasi ndefu zilizoshikana. Nikabeba mzigo hadi kwangu Kiseke, nikaanza kusoma kuanzia katikati, kwa sababu juu kulikuwa na Kiingereza kingi nami Kiingereza cha juu ya faili nilikichukulia kama kile cha kwenye boksi la dawa ya mbu. Kipo tu.

Ndani nikakuta namba. Kurasa na kurasa za namba. 0, 1, 1, 1, 2, 3, 1, 17, 43, 43, 9. Mistari na mistari, hakuna neno hata moja la kumsaidia binadamu.

Nikasema, mtu huyu ni jini.

Kaandika namba zote hizi kwa mkono, anajua ya ngapi inaruka kwenda ipi, na hakuandika pembeni hata maelezo. Niliogopa. Nilimheshimu kiasi kwamba nilipokuwa peke yangu na lile faili nilikaa wima.

Nikanunua daftari kubwa, yale ya kaunta buku. Nikalijalidi kwa ukurasa wa kwanza wa zile karatasi, maana karatasi yake ilikuwa nzuri na ngumu. Ndani nikaanza kufuatilia namba kwa penseli. Ikisoma herufi I, inatoka hapa inakwenda 17. Ikisoma F baada yake, 43. Ikikuta nafasi, inasimama na kusema: neno la lugha.

Niliacha kwenda popote. Jumapili baada ya misa narudi moja kwa moja. Jirani yangu Mama Milembe, fundi cherehani, alikuwa akinipitia uani na kunikuta na daftari.

"Bado unasali rozari ya namba?"

"Bado, mama."

"Karatasi ukimaliza usitupe."

Zilikuwa pana, na yeye alizitumia kukatia. Alikuwa akichora gauni kwenye karatasi kwanza, kisha anaiweka juu ya kitambaa na kupitisha mkasi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walivaa magauni yaliyokatwa juu ya namba za Injinia.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichonisumbua. Kila nikikosea, compiler ya mashine, ile iliyokuwa inaigeuza SATO yenyewe, ilinipa ujumbe kwamba kosa liko mstari wa 31 wa faili liitwalo sato.l.

Wakuu, sato.l halikuwepo. Nilitafuta kwenye disketi, nikatafuta kwenye mashine zote nane. Mashine inanilaumu kwa makosa ya faili ambalo halipo duniani.

Nikamwandikia Injinia barua, ukurasa mzima, kwa adabu zote. Shikamoo ilikuwemo. Nikaeleza lile faili, nikauliza ni nini.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mstari mmoja:

"Puuza hiyo, ni kawaida ya mashine. Usifute chochote."

Nikapuuza.

Mwezi wa pili nikapata njia. Badala ya kuvunja zile namba, nikatafuta mahali ambapo scanner inasema "hili ni jina la kawaida", nikaweka masharti yangu hapo. Kama hilo jina ni KAMA, lichukulie kuwa ni IF. Kama ni RUDIA, lichukulie kuwa ni WHILE. Moja baada ya jingine. Ilikuwa kama kuziba mtumbwi kwa vitambaa, lakini maji hayakuingia.

Halafu nikataka ikubali namba zenye nukta, kama 3.5, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanafanya hesabu za vipimo. Hapo ilibidi niguse zile namba zenyewe. Nikibadilisha moja, mashine inaganda. Nyingine, inasoma kila kitu kama nafasi tupu. Hilo peke yake lilinila miezi miwili na nusu. Siku 3.5 ilipokubali nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, mtu ambaye sitembei.

Mwezi wa saba SATO ilikuwa inaongea Kiswahili chote.

Mwanafunzi wa kwanza kuijaribu alikuwa Mzee Bugumba, aliyepunguzwa kiwandani baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye boila. Vidole vyake vilikuwa vinene, kila kitufe alikibonyeza kama anafunga bomba. Akaandika programu ya kutaja halijoto: KAMA joto limezidi kiasi fulani, ANDIKA "punguza moto".

Ikaandika.

Yule mzee akaitazama screen, kisha akanigeukia. "Sasa hii imenielewa mimi?"

"Imekuelewa, mzee."

"Basi mwalimu, kesho nakuja mapema."

Aliniita mwalimu. Kabla ya mkataba, kabla ya mtu yeyote.

Siku ya kuonyesha ikapangwa. Mama Mkurugenzi akaalika wageni wachache, akanunua soda, akampigia simu Injinia aje ashuhudie. Mimi nilivaa shati aliloninyooshea Mama Milembe.

Injinia akafika asubuhi, kabla ya wageni. Shati jeupe, kalamu tatu.

Akawasha mashine yangu, akaendesha SATO. Ikafunguka na maneno: "Karibu SATO." Basi.

Uso wake ukabadilika. "Fomu Foo, mbona jina langu halipo hapa?"

"Halikuwepo tangu mwanzo, Injinia."

"Wageni watajuaje?"

Akafungua mkoba wake, akatoa disketi ambayo sijawahi kuiona. Akaiingiza. Nikiwa nimesimama nyuma yake nimeshika kitambaa, akafungua faili.

Jina lake: sato.l.

Wakuu! Lile faili ambalo mashine ilinilaumu kwa ajili yake miezi yote. Lile la kupuuza. Lilikuwa fupi, kama mistari themanini, linasomeka. IF kwenye mstari wake, WHILE kwenye mstari wake, namba imeelezwa kwa alama chache tu. Akaongeza jina lake na shahada yake kwenye makaribisho. Kisha akaandika amri moja: flex sato.l

Sekunde mbili.

Lile jitu la namba, zile kurasa zote za 17 na 43, lilitengenezwa na mashine kwa sekunde mbili mbele ya macho yangu. Na likaandikwa juu ya LEXYY.C yangu.

Nilisema, "Injinia, umefuta."

"Nimefuta nini?"

Kopi yangu ya akiba ilikuwa kwenye disketi iliyokaa miezi juu ya spika ya redio nyumbani, sumaku ikaila, na nilishaijaribu wiki moja kabla, haisomeki. Nilijipa moyo kwamba nitatengeneza nyingine baada ya maonyesho. Hapo msinisaidie kujilaumu, nina uzoefu.

Wageni wakaingia. Soda zikafunguliwa. Mzee Bugumba akakaa mbele, akaandika ile programu yake ya boila, herufi kwa herufi.

Kosa, mstari wa 1.

Akaandika tena, polepole zaidi. Kosa, mstari wa 1.

Akanigeukia mbele ya watu wote. Hakuwa na hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza. "Mwalimu, mbona leo inanikataa? Jana ilinikubali."

Mama Mkurugenzi akanitazama. "Miezi saba."

Nikafungua mdomo nieleze. Injinia akaniwahi.

"Mama, usimlaumu. Kijana amejitahidi. Haya mambo yanataka utaalamu." Akavuta kiti, akafungua ile sato.l yake, akafuta IF akaandika KAMA, akafuta WHILE akaandika RUDIA, hadi mwisho. Akaendesha ile amri. Kabla wageni hawajamaliza soda, SATO inaongea Kiswahili.

Watu wakapiga makofi. Jina lake na shahada yake vinang'aa kwenye screen.

3.5 isingekubali. Hakuna aliyeijaribu.

Mama Mkurugenzi akatangaza hapo hapo kwamba mwalimu wa jioni ataletwa kutoka Dar, kwa mapendekezo ya Injinia. Mimi nikakusanya chupa.

Nilirudi Kiseke mchana ule nikiwa nawaka hasira. Nikapitiliza hadi kibarazani kwa Mama Milembe, alikuwa anakata gauni la kipaimara. Hata shikamoo niliisahau. Nikamtupia lile daftari mezani.

"Washia jiko."

"Shikamoo imeliwa na nani?"

"Shikamoo, mama. Washia jiko."

"Marahaba. Kaa chini."

Nikamweleza yote. Kuna kifaa, nikamwambia. Unakipa maelezo mafupi ya maneno ya lugha yako, chenyewe kinakutengenezea scanner nzima. Ukitaka kubadilisha neno, unabadilisha maelezo, unakiendesha tena. Zile namba hakuna binadamu anayeziandika wala kuzigusa.

Akaacha mkasi. "Kumbe ni kama mimi. Mteja akinenepa nachora karatasi upya, sihangaiki na gauni."

"Ndiyo."

"Na wewe miezi saba ulikuwa unahangaika na gauni."

"Alinificha karatasi, mama. Alinidanganya ameshona kwa mkono."

Akalichukua daftari, akaanza kulibandua jalada, maana karatasi nzuri yeye hachomi. Akalinyoosha juu ya meza kwa kiganja. Kisha akasita. "Hii ya juu kabisa imeandikwa nini? Nisije nikakata kitu cha ofisi."

Nikainama nisome.

A lexical scanner generated by flex.

Kichanganuzi cha maneno, kimetengenezwa na flex.

Nilikuwa nimekibeba kwapani miezi saba. Nimekiweka chini ya mto. Nimekitolea jasho. Maandishi yalikuwa upande wa nje.

Mama Milembe akaliweka lile jalada pembeni. Akanipa chai.

Kesho yake nilikwenda Nyakato na lile jalada. Nikamkuta Injinia ofisini kwa Mama Mkurugenzi, anaaga. Nikaliweka mezani, na pembeni yake ile barua yake ya mstari mmoja.

Mama Mkurugenzi akavaa miwani. Akasoma vyote viwili. Kiingereza alikuwa nacho.

"Injinia, uliniambia umeandika kwa mkono."

"Mama, kifaa ni sehemu ya kuandika. Kila mtaalamu anakitumia. Siyo aibu."

Ni kweli, wakuu. Siyo aibu, na hilo ndilo lililonitoa damu. Kukitumia ni akili. Aibu ni kumwona mtu anachimba kisima kwa kijiko, jembe lako liko kwenye mkoba, na unamwandikia apuuze.

Nikamwambia, "Nilikuuliza sato.l ni nini."

"Uliuliza kosa lina maana gani. Hukuuliza kama kuna kifaa. Ungeomba, Fomu Foo, ningekupa."

"Ningeombaje kitu nisichojua kama kipo?"

Akatazama saa. Hakuona kama anadaiwa jibu.

Mama Mkurugenzi akamwamuru aache ile disketi yenye sato.l na flex, pamoja na maelezo yake. Akaviacha. Na hapa ndipo hasira iliponizidi: kile kifaa kilikuwa cha bure. Waliokitengeneza waliruhusu kila mtu anakili na kumpa mwenzake. Alikuwa ananificha kitu cha kugawiwa.

Kuhusu darasa, mama alisema ameshatangaza mbele ya wageni, harudi nyuma. Nilibaki na kitambaa changu.

Nilisoma yale maelezo kwa wiki tatu, kuanzia mstari wa kwanza safari hii. Nikaandika SATO upya kwa mistari michache kuliko ya Injinia, ikiwa na 3.5 ndani. Mwalimu wa Dar alikaa muhula mmoja, akaona Mwanza mbali, akaondoka. Nilifundisha darasa la jioni mwaka mzima kwa cheo cha msaidizi wa maabara. Mkataba wa ualimu sikuwahi kuuona. Mzee Bugumba alikuja kila siku, mapema kama alivyoahidi, na aliniita mwalimu hadi mwisho.

Kuna mnaofanya kazi na watu wapya maofisini. Ukiwa na kifaa, kiweke mezani. Ukiona mwenzako anafanya kwa miezi kitu ambacho wewe unafanya kwa sekunde mbili, na ukanyamaza ili uendelee kuonekana jini, wewe ni mtu mbaya, shahada yako na kalamu zako tatu. Sitapunguza hilo neno.

Na ninyi mnaopokea faili la mtu: anzeni juu. Kile Kiingereza cha boksi la dawa ya mbu, kisomeni.

Kama kuna mwingine aliyewahi kushona gauni bila karatasi, aweke kisa chake hapa chini nisiwe peke yangu. Hata Injinia kama yumo humu, ajibu. Nafasi ninayo, siendi popote.

Kabla sijabandika uzi huu nimemsomea Mama Milembe, bado tuko ukuta mmoja, macho yake siku hizi hayaoni uzi wa sindano. Amesikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Nikamuuliza kama nimemwonea Injinia. Alichosema nakiweka kama kilivyo:

"Hujamwonea. Cha kwenye mkoba alikuficha yeye. Cha kwenye jalada alikuficha nani?"